Kikundi cha ukoo: saa zimekataa kurudi

Mjomba Hamisi: Vijana, saa za barua pepe kwenye Firefox yangu hazilingani na ya ukutani. Jana nimechelewa kikao kwa ajili hiyo. Salim, wewe ndiye uliyeniwekea mambo ya faragha.

Salim: Shikamoo mjomba. Samahani sana, kosa ni langu. Ni ile amri ya kivinjari cha Firefox, privacy.resistFingerprinting. Ikiwashwa, kivinjari kinaziambia tovuti kwamba uko kwenye majira ya UTC (saa za kimataifa), zisikutambue kwa saa za eneo lako. Nilipaswa kukueleza kwanza.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Lakini juzi Zuhura alinielekeza nikaizima kwenye about:config, ule ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox, saa zikakaa sawa. Leo nawasha kompyuta, yale yale!

Zuhura: Kweli kabisa, niliiona kwa macho yangu ikiandika false, yaani imezimwa.

Salim: Kuna faili linaitwa user.js, niliweka kwenye folda ya profaili yake. Firefox inalisoma kila inapowaka, na linachosema kinafunika kilichohifadhiwa kwenye prefs.js, faili ambamo Firefox yenyewe hutunza mipangilio yako. Ukiizima kwenye about:config peke yake, ukifunga na kufungua tu, amri ya zamani inapita tena.

Zuhura: Basi tufute huo mstari kwenye user.js yaishe.

Salim: Hapana dada, hapo ndipo wengi tunakwama. Ukiufuta, true (yaani imewashwa) imeshaandikwa kwenye prefs.js na itabaki humo. user.js inaweka, haiondoi. Mjomba, andika about:support pale juu kwenye anwani, utaona sehemu ya folda ya profaili, ifungue. Kisha funga Firefox. Ndani ya user.js tafuta mstari wa resistFingerprinting, pale penye true andika false. Mabano na nukta mkato usiguse. Hifadhi, uwashe.

Mama Zuhura: Na mimi je? Ulinijazia yale yale na sijui hata moja linafanya nini.

Salim: Mama mdogo, hilo limenigusa. Mistari inayoanza na // kivinjari kinairuka, ni ya kusomwa na sisi. Juu ya kila mpangilio nitaandika unafanya nini, unaharibu nini na niliuweka lini. Mingine imepitwa na wakati: nilikuwekea ombi la kutofuatiliwa, na toleo la 135 la Firefox limeshaondoa kisanduku chake. Nitapitia kila baada ya masasisho.

Zuhura: Sasa mjomba abaki wazi bila kinga?

Salim: La. Kwenye mipangilio ya Firefox, sehemu ya Faragha na Usalama, achague ulinzi wa kiwango kikali. Unazuia wafuatiliaji wengi na saa haziguswi. Tovuti ikigoma, ile ngao kando ya anwani inazima ulinzi kwa tovuti hiyo moja tu.

Mjomba Hamisi: Nimebadilisha. Nimefunga na kufungua mara mbili, saa zimelingana.

Mama Zuhura: Alhamdulillahi. Faili langu lini?

Salim: Leo usiku nakutumia lenye maelezo. Usiliweke mpaka nikupigie tulisome pamoja, mstari kwa mstari.