Kulala ryokan na kuona nyani wa Nagano, nani ashafika?

msafiri_k: Habari wadau, nataka kwenda Japani mwezi wa pili nilale kwenye ile nyumba ya wageni ya kizamani, ryokan, halafu nione wale nyani wanaooga maji ya moto. Nilale wapi? Na hao nyani wana fujo?

Bi_Treni: Lala Shibu Onsen au Yudanaka, miji ya chemchemi za maji moto karibu na hao nyani. Toka Tokyo panda Shinkansen, ile treni ya kasi, mpaka Nagano, hapo unabadili treni ya Nagaden hadi Yudanaka. Shibu ni pazuri zaidi kwa maoni yangu, mabafu ya mtaani yapo 9 na mgeni aliyelala pale anapewa ufunguo anazunguka na yukata yake (kimono nyepesi ya pamba) usiku kwenye baridi, raha tupu. Ila yukata upande wa kushoto uwe juu, ukigeuza umevaa kama maiti 😂

mzee wa bafu: Unaoga sabuni KWANZA ndo unaingia, tena uchi. Tatuu sehemu nyingine hawataki, uliza kabla hujabuku.

Bi_Treni: Kweli kabisa. Nyani wako Jigokudani, paliwekwa hifadhi 1964, unatembea msituni kama nusu saa hivi na njia inateleza barafu kwahiyo viatu vya maana. Hawana shida na mtu ila usiwalishe, usiwaguse, usiwakodolee macho, kwao huo ni ugomvi.

msafiri_k: Asante, sasa chakula cha jioni pale ryokan mtu akichelewa?

mzee wa bafu: Usichelewe bana, wanapika kwa saa maalum.