Naombeni ushauri: projekta ipo, picha zipo, wanafunzi wanasinzia

Mwalimu_Dunda:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Sanaa za Ufundi sekondari hapa Bagamoyo, watoto 58 darasani. Likizo nilijifungia siku nne nikatengeneza slaidi 70 za historia ya sanaa: michoro ya miambani Kondoa, magofu ya Kaole, vinyago vya Wamakonde, michoro ya Tingatinga, mpaka Ulaya. Muziki umo, maandishi yanaruka kutoka kila pembe. Kipindi cha kwanza walishangilia. Cha tatu, huko nyuma watu wamelala. Simu kwa wanafunzi marufuku, laptopu ni moja, yangu, na bando natoa mfukoni. Nawashirikishaje? Au nirudi kwenye chaki?

FundiSlaidi:
Mkuu, hiyo ni sinema, na sinema ya saa nane mchana inamlaza hata mkuu wa shule. Chukua picha moja tu, nguzo ya kaburi la Kaole yenye vile vishimo. Juu ya kishimo chora umbo, lifanye lisionekane, liunganishe na slaidi yenye bakuli la Kichina. Kabla ya kubofya uliza: hapa palipachikwa nini? Waache wabishane. Aliyekaribia jibu aje abofye mwenyewe. Ila ondoa tiki ya slaidi kusonga kwa kubofya popote, la sivyo mtoto akikosa shabaha jibu linajitokeza lenyewe. Mimi iliniumbua mbele ya mthibiti ubora.

Mzee_wa_Chaki:
Umeme ukikatika je?

Mwalimu_Dunda:
Shikamoo mzee. Wiki jana ulikatika dakika ya kumi, sina la kujibu.

FundiSlaidi:
Picha tatu nne zichapishe, ziwe mkobani. Yaishe.

Bint_Tongoni:
Mwalimu, mimi niko Tanga. Projekta inadanganya ukubwa, hilo wengi hatuliangalii. Mchoro wa Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53. Guernica ya Picasso, ya 1937, ni karibu mita 3.5 kwa 7.8. Ukutani zinatoka sawasawa! Mimi nawatoa nje na chaki na futi kamba, wanachora fremu zote mbili sakafuni. Hapo mtoto anauliza mwenyewe, "Madam, huyu alifikaje kule juu?" Ndipo tunarudi ndani kuwasha projekta. Na kwa Tingatinga, tafuta hadibodi na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza na vitu hivyo Dar mwaka 1968. Waishike, wainuse.

Kijana_wa_Ngoma:
Samahani walimu wangu, ila picha za Kaole za kushusha mtandaoni wakati Kaole yenyewe ni kama kilomita 5 kutoka mjini? Wapeleke. Azima simu mbili za walimu wenzio, kila kundi lirekodi dakika moja: kitu walichokiona na swali lililowashinda. Wakirudi mjini, milango ya nakshi nayo hivyo hivyo. Muhula ujao kidato kinachofuata kinaanza na maswali hayo, kwa sauti za kaka na dada zao.

Mwalimu_Dunda:
Nimefuta slaidi 52. Roho imeuma, zile za muziki hasa. Jumatano naanza na nguzo. Dada wa Tongoni, hadibodi huku nimepata ya dari tu.

Bint_Tongoni:
Ndiyo hiyo hiyo. Pakeni upande laini.