Naomba ushauri: Origene alifundisha kweli kwamba wote wataokolewa?

Wapendwa, naomba mwongozo kwa anayemfahamu Origene wa Aleksandria, mwanateolojia Mkristo wa karne ya tatu. Nasoma De Principiis, kitabu chake kuhusu misingi ya imani, na nimekwama kwenye fundisho la kurejeshwa kwa vyote. Anajenga juu ya 1 Wakorintho 15:28, kwamba mwishoni Mungu atakuwa yote katika wote, na kwake moto wa adhabu ni wa kutakasa. Fundisho hili linanigusa sana: Mungu hachoki kumtafuta kiumbe wake, wala hamnyang'anyi hiari.

Shida ni maandishi yenyewe. Kitabu kiliandikwa kwa Kigiriki, na sehemu kubwa ya Kigiriki hicho imepotea. Tunategemea tafsiri ya Kilatini ya Rufinus, ya mwaka 398 hivi, naye anakiri kwenye dibaji kwamba alirekebisha palipogusa imani vibaya. Vipande vingine vya Kigiriki vimetoka kwa waliomshutumu, akiwemo Kaisari Justiniani mwaka 543. Nimwamini nani? Na nisemeje kuhusu wokovu wa shetani, ambao Origene mwenyewe alikana kuufundisha katika barua kwa rafiki zake wa Aleksandria?

Mliosomea Mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za kwanza, nianzie kwenye ufafanuzi wake wa Injili ya Yohane, ambao vitabu kadhaa vipo kwa Kigiriki, au kwenye homilia (mahubiri) zake?