Naomba ushauri: presha yangu haishuki ingawa nimepunguza chumvi. Je, ni ubongo?

Asiyelala: Wanajukwaa, salaam. Nina miaka 52, na daktari ameniambia kuwa presha yangu ni ile inayochochewa na chumvi, kwamba homoni na ubongo vinaisukuma figo iishike chumvi badala ya kuiachia. Nimeipunguza kwa miezi minne. Hata hivyo leo asubuhi kipimo kimesoma 158/96, nikarudia mara tatu hadi mkanda ukaniachia alama mkononi. Ikiwa ubongo ndio unaopandisha presha, kuna haja gani ya kujinyima chumvi?

Mama Wawili: Pole sana, kaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo imo hata ile iliyokwisha kutiwa na mtengenezaji wa chakula. Mama mkwe wangu alipopatwa na presha, tulilificha kopo la chumvi ndani ya kiatu cha marehemu mumewe. Alilipata siku ya pili. Punguza na hasira pia.

Mwanamaabara: Swali lako linatenganisha mambo yasiyotengana. Kwa kawaida mtu akila chumvi nyingi, figo hupunguza renini, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa angiotensini, homoni inayobana mishipa; angiotensini hushuka, na tezi zilizoketi juu ya figo hupunguza aldosteroni, ambayo ndiyo homoni inayoiamuru figo irudishe sodiamu kwenye damu. Chumvi ya ziada hutoka na mkojo. Kwa baadhi ya watu aldosteroni haishuki inavyopaswa. Ubongo nao una sehemu ndogo ambazo hazikutengwa na damu kwa kizuizi cha kawaida, nazo huonja sodiamu ikipanda, ndipo haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, inapoamsha kiu, homoni ya vasopresini inapozuia maji yasitoke, na neva za simpathetiki, zile za kuuweka mwili katika tahadhari, zinapobana mishipa na kuihimiza figo iendelee kuhodhi chumvi. Kwa hiyo ubongo unaitikia chumvi, haukurupuki wenyewe. Urithi pia umo: mwaka 1962 Lewis Dahl wa Marekani alieleza panya aliowazalisha kwa kuwachagua, ukoo mmoja ukipanda presha kwa chumvi na mwingine ukiila ileile bila kupanda kiasi hicho. Umeandikiwa dawa gani?

Asiyelala: Dawa si hoja. Nimeuliza kuhusu ubongo.

Fundi Mstaafu: Anayesema dawa si hoja, basi dawa ndiyo hoja. Mimi zangu nilizifukia kwenye chungu cha maua mwaka mzima, na ua likastawi kuliko mimi. Umeziacha?

Asiyelala: Sijaziacha, nimezipangia utaratibu. Niliandikiwa spironolaktoni na presha ikashuka hadi 132/84, lakini baada ya muda kifua kilianza kuvimba. Upande wa kushoto kuna donge chini ya chuchu, na kifungo cha shati kikiligusa nashtuka. Daktari wangu ni binti wa rika la mwanangu, ningeanzia wapi? Kwa hiyo nakikata kidonge kwa kisu, nusu naimeza siku ambazo kipimo kimepanda, na chakula nakitia chumvi mbadala ya potasiamu bila kujibana kwa kuwa haina sodiamu. Naona ni uamuzi wa busara.

Mwanamaabara: Hapo ndipo penye hatari. Dawa hiyo huziba kipokezi cha aldosteroni, figo ikaachia sodiamu na kubakiza potasiamu. Ukijiongezea potasiamu kwa kijiko, inaweza kupanda kimyakimya hadi mapigo ya moyo yakavurugika. La kifua linajulikana, kwa sababu dawa hiyo hugusa pia vipokezi vya homoni za kiume, na ipo dawa nyingine, eplerenoni, ambayo haivigusi sana. Donge lenyewe lazima lipapaswe na daktari. Ukimwonea haya binti, omba wa kiume. Acha chumvi hiyo, ukapime potasiamu na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi.

Shaka: Mniwie radhi. Mtu aliyejiunga leo, aliyepunguza chumvi kisha anaitia bila kujibana, na anayekumbuka vipimo vyake kama mashairi? Kesho atatuletea namba ya muuza chumvi mbadala.

Fundi Mstaafu: Muuzaji gani atangaze bidhaa yake kwa 158/96?

Mama Wawili: Huenda ni mwanafunzi anayefanyiwa kazi ya nyumbani. Wangu alinifanyia hivyohivyo kuhusu ini.

Asiyelala: Ningekuwa natunga, ningejitungia maradhi yasiyohusu chuchu. Chumvi ya kawaida niliipunguza kweli. Hii nyingine sikuihesabu kuwa chumvi. Mwanamaabara, jana usiku moyo uliruka mapigo mara mbili tatu, nikadhani ni mawazo. Je, linahusiana?

Mwanamaabara: Linaweza kuhusiana. Nenda hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi, wala usiendeshe gari mwenyewe. Beba vidonge na kopo la chumvi uwaonyeshe, na uwaambie kiasi unachotia.

Shaka: Nenda. Kama ni uongo, tutagombana ukirudi.

Asiyelala: Mwanangu ndiye anayeendesha. Ameniuliza kopo hili ni la nini, bado sijamjibu.