Daftari la babu: Facebook, blogu, kitabu au Nyaraka za Taifa?

Mwana wa Ujiji

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nina daftari la marehemu babu mzaa baba. Alikuwa karani wa bandari hapa Kigoma. Aliajiriwa Reli na Bandari mwaka 1948, mwaka ule ule shirika lilipoundwa kwa Afrika Mashariki nzima, akastaafu 1966 na kufariki 1979. Ni kaunta buku mbili alizozishona pamoja kwa uzi wa nyavu, kurasa 212. Mchwa wamekula pembe ya chini kwenye kurasa kama thelathini, ila maandishi yamesalimika karibu yote.

Mambo ya kazini kaandika kwa herufi za Kirumi: meli ya Liemba imeingia saa ngapi, imeshusha magunia mangapi, kibarua gani kaumia. Mambo ya nyumbani na ya mtaa kaandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kile kile. Nadhani hakutaka wakubwa wake wa kazini wayasome.

Kuna ukurasa wa Mei 1964 unasema hivi: "Maji yamemeza ngazi ya tano. Boti inafungwa kwenye nguzo ambayo jana watoto walikuwa wameikalia." Niliusoma barazani, nikafunga daftari, nikakaa kimya hadi magharibi. Siwezi kuliacha hili lirudi sandukuni. Nataka watu walisome, hasa watu wa huku kwetu.

Nimefikiria njia nne. Facebook, ukurasa mmoja kila siku. Blogu yenye kila kitu kwa tarehe. Kitabu cha kuchapa, nakala mia hivi. Au nilipeleke Dar, Nyaraka za Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu, wao walihifadhi na kulipiga picha. Kitabu nimekiweka pembeni kwa sababu ya fedha. Hizo tatu zinanisumbua. Aliyewahi kufanya jambo kama hili anisaidie.

Mgebuka wa Kibirizi

Kaka, weka Facebook, tena anza na huo ukurasa wa maji. Sisi tuliopanga Kibirizi tumeona ziwa likipanda kuanzia 2020, watu wamehama nyumba. Kila siku tunaambiwa haijawahi kutokea. Imetokea! Wazee wanasimulia maji ya miaka ya sitini baada ya zile mvua kubwa za 1961, lakini vijana wanaona ni hadithi. Ziwa letu, Tanganyika, mlango wake wa kutolea maji ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa linachukua miaka kushuka. Karani aliyesimama gatini akihesabu ngazi, huyo ni shahidi.

Blogu nani ataifungua huku? Watu wana bando la Facebook na WhatsApp. Ukitaka mvuvi wa Katonga asome, mfuate alipo.

Bint Isevya

Salaam kutoka Tabora. Mdogo wangu, nilishafanya hiki unachotaka kufanya, kwa barua za baba yangu alizoandika akiwa Tabora School. Niliziweka kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii, sitautaja. Barua 61, kila moja na maelezo, kazi ya mwaka na nusu. Asubuhi moja ukurasa umefungwa, sababu sikupewa, rufaa haikujibiwa. Barua zenyewe ninazo, alhamdulillah. Kilichopotea ni maoni ya watu. Kulikuwa na mzee aliyelala bweni moja na baba. Aliandika kuhusu barua ya nne mambo ambayo hata mama hakuyajua, na mzee huyo sasa ametangulia mbele ya haki. Hayo siwezi kuyaandika upya.

Kwa hiyo mimi nasema blogu, maana kule unaweza kupakua kila kitu pamoja na maoni ukakiweka kwenye flashi. Ila nayo ina mambo yake. Ukiifungulia Google, wao wana utaratibu wa kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2, basi mpe mtu wa pili nywila, mtu mdogo kuliko wewe. Na kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo waulize TCRA kabla hujaanza.

Facebook itumie kama kengele tu. Weka kipande na kiungo, anayetaka zaidi afuate.

Mgebuka wa Kibirizi

Pole sana dada. Hilo la maoni sikuwa nimelifikiria.

Wakili Mwanga

Mkuu, kabla ya Facebook na blogu, daftari ni la nani? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki za mwandishi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Babu kafariki 1979, kwa hiyo haki bado ziko hai hadi mwisho wa 2029, na ni za warithi wake wote. Aliyekuta sanduku hana haki zaidi ya wenzake. Baba zako wadogo na shangazi zako wamekubali? Waandikishe karatasi, hata ya mkono, wasaini.

Pili, waliotajwa humo. Wafu wana heshima yao, na walio hai sasa wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Magonjwa, talaka, mtoto wa nje, usiyaweke kwa kuwa tu yameandikwa.

Mwana wa Ujiji

Asante wakili. Baba mdogo mmoja na shangazi wawili wapo. Baba mdogo ana wasiwasi, na sababu ni ukurasa wa 131. Umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwaka 1953. Babu anasema mzee mmoja wa mtaa wetu kahamia Albertville, Kalemie ya leo, na "ameacha dini". Wajukuu wa mzee huyo ni majirani zetu, watu wa swala tano. Baba mdogo anasema nikiliweka hili hadharani nimevunja ujirani wa miaka sabini. Mimi naona kuficha ukurasa mmoja ni kumziba babu mdomo. Tumelumbana hadi hatusemeshani vizuri.

Mwalimu wa Gongoni

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, tafadhali weka hapa picha ya neno hilo moja tu, jina la mtu lifunike.

Mwana wa Ujiji

Waalaykum salaam mwalimu. Nimeweka.

Mwalimu wa Gongoni

Nimeliona. Dal, ya, nun, hakuna irabu juu wala chini. Ndugu yangu, hilo laweza kuwa *dini* na laweza kuwa *deni*. Kwa Kiarabu chenyewe maneno hayo mawili yanaandikwa kwa herufi hizo hizo, msomaji anatofautisha kwa maana. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, "e" na "i" mara nyingi zilitumia alama moja, na waandishi wenye haraka kama babu yako hawakuweka alama kabisa. Hali kadhalika "p" na "b". Nilishaona wosia ambao mtu kasoma "mbwa wangu" mahali palipoandikwa "mpwa wangu", na urithi ukasimama.

Karani wa bandari anayeandika kwamba mtu kahama na ameacha… mimi moyo wangu unakwenda kwenye deni. Lakini siapi. Tazama kurasa za mbele, kama jina hilo linarudi.

Na hapa ndipo ushauri wangu ulipo. Sikatai Facebook wala blogu. Nakataa kuweka maneno yako peke yake. Ukiandika "dini" ukatupa mtandaoni bila picha ya ukurasa, hakuna atakayeweza kukusahihisha, na mtu aliyelala kaburini atakuwa ameritadi kwa kalamu yako.

Mkutubi

Mwalimu amesema kweli tupu. Nami niongeze ya kwangu, nimefanya kazi ya nyaraka miaka mingi.

Msilipige lamineti! Nawaomba. Joto na plastiki haviondoki tena, na karatasi inaendelea kuoza humo ndani. Msizibe alikokula mchwa kwa selotepu, gundi yake inageuka manjano na kula wino. Toa pini na vibanio vya chuma. Huo uzi wa nyavu uacheni, ni kazi ya mikono yake.

Picha: kama kuna skana ya kulaza, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kusoma. Kama ni simu, weka daftari karibu na dirisha, jua lisilipige moja kwa moja, zima flashi, simu iwe juu sawasawa na ukurasa. Piga kurasa zote, hata tupu, na jalada, na kila faili ipe namba ya ukurasa. Usitume kwa WhatsApp kama picha, inazipunguza ubora. Tuma kama faili. Weka nakala tatu, na moja isikae Kigoma.

Kuhusu Dar. Nyaraka za Taifa zipo kwa Sheria Na. 3 ya 2002, na Chuo Kikuu kina mkusanyiko wa East Africana ndani ya maktaba. Huko ndiko mahali salama kwa karatasi yenyewe. Ila msomaji wa kawaida wa Ujiji hatapanda treni kilomita 1,250 kwenda kusoma habari za gati la kwao. Nyaraka ni kwa ajili ya daftari, mtandao ni kwa ajili ya wasomaji. Hayo mawili hayagombani. Mkipeleka, dai hati ya makabidhiano, na iandikwe mmelikabidhi liwe lao kabisa au mmeliweka amana tu.

Bint Isevya

Mkutubi, shukrani. Hilo la namba za kurasa laiti ningelijua.

Mwana wa Ujiji

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne.

Nimepitia kurasa zote za mbele nikitafuta jina la yule mzee. Ukurasa wa 143, miezi saba baadaye, liko. Kashuka na Liemba, kamkuta babu gatini. Babu anaandika: "amemaliza", halafu neno lile lile, dal, ya, nun, halafu "shilingi 14, tumekunywa kahawa."

Ni deni. Mwalimu, Mungu akulipe. Nilimsomea baba mdogo kurasa zote mbili, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akasema twende kwa jirani pamoja. Tumekwenda. Mjukuu wa yule mzee, mama mtu mzima, kaomba kitu kimoja: kurasa hizo mbili ziwekwe siku moja, yasipite hata masaa deni likisomwa bila malipo yake. Nimemwahidi.

Shangazi na baba mdogo wamesaini. Itakuwa blogu, kila ukurasa picha juu na maandishi chini, na babu abaki na tahajia yake, sisahihishi chochote. Nywila ya pili anayo binti yangu wa kidato cha tatu. Kurasa za herufi za Kiarabu hazipandi hadi watu wawili wazisome, mimi na mwalimu kama ataridhia. Mbili zinazohusu maradhi ya watu walio hai tumezifungia. Daftari lenyewe litakwenda Dar kwa amana, baada ya Idi.

Facebook nitaanza na ngazi ya tano, kama ndugu wa Kibirizi alivyosema.

Mwalimu wa Gongoni

Nimeridhia. Nitumie kurasa kumikumi, kama faili.

Mgebuka wa Kibirizi

Hiyo nguzo bado ipo kaka. Kesho nakwenda kuipiga picha.