Tumwage slabu za kaburi za akiba kwa ajili ya chama? Naomba vipimo kwa wenye uzoefu

Katibu wa Pongwe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana huku Pongwe, Tanga. Wanachama wengi ni Wakristo, tunazika kwa jeneza, na siku hizi karibu kila familia inataka kaburi la kujengea: tofali pembeni, slabu juu ya jeneza, halafu ndiyo udongo. Sababu kubwa ni kutitia. Kaburi la udongo mtupu, jeneza likishaoza, masika mbili tatu unakuta msalaba umelala na katikati pana dimbwi la kuogea bata.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi wa nne tulimzika mwanachama mwenzetu, mama mtu mzima. Slabu zilimwagwa jana yake jioni na fundi wa mtaani, vipande vitatu. Jeneza likashuka vizuri, slabu zikapangwa, mchungaji akamaliza, vijana wakashika makoleo. Udongo haujafika hata magotini tukasikia "kwa!" huko chini. Slabu ya katikati. Haikudondoka, ilibonyea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Kina mama waliokuwa wanaimba wakanyamaza katikati ya ubeti. Mtoto wa marehemu akataka kurukia shimoni, tukamshika.

Mimi ndiye niliyeshuka. Nondo zilikuwa zinachungulia upande wa juu. Upande wa chini zege limepasuka mstari mmoja, ukingo hadi ukingo, na bado lina unyevu, ukilikwangua kwa kucha linatoka. Ikabidi tutoe udongo, tukakimbilia mbao kwa jirani mwenye pagale, tukafunika nazo. Familia haikusema neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kikao kimeamua chama kiwe na slabu za akiba. Pendekezo langu mimi: slabu moja nzima, unene inchi nne, isiwe na viungo. Chini ya kaburi tumwage zege, ndani tupige plasta yenye dawa ya kuzuia maji ili jeneza likae pakavu. Naomba vipimo, idadi ya nondo na mchanganyiko. Nawasilisha.

Shangazi Muheza

Poleni sana mwanangu. Ila mimi nauliza tu, hizo slabu za akiba mtaziweka wapi? Nyuma ya kanisa, watoto wa kipaimara wawe wanazikalia wakila miwa? Mnawamwagia watu slabu na bado wanakula ugali wao! Huo ni uchuro. Mume wangu akiziona siku ya kikao, michango yake ndiyo basi tena.

Kijana wa Makorora

Mkuu hiyo slabu moja ya inchi nne mtaishusha na nini, kreni ya bandarini?

Nondo Kumi

Katibu pole. Mimi ni fundi, zege nimelimwaga miaka mingi, na makaburi nimejenga mengi kuliko nyumba (kazi ya kaburi haina mteja wa kukusumbua rangi). Ngoja nikwambie ulichokiona, maana umekieleza vizuri kuliko unavyojua.

Slabu yenu haikuvunjika kwa sababu ni nyembamba. Iligeuzwa. Slabu ikilala juu ya kuta mbili na udongo ukaikandamiza, tumbo lake linavutika na mgongo unabanwa. Zege kubanwa linaweza sana, kuvutwa haliwezi, kazi ya kuvutwa ni ya nondo. Kwa hiyo nondo zinakaa chini, sentimita mbili hadi mbili na nusu kutoka tumboni. Kwenye foma, yaani kalibu ya mbao, fundi aliziweka chini, sawa kabisa. Vijana walipoibeba wakaigeuza, aliyekuwepo wa kuwaambia hakuna, na slabu haina alama. Nondo zikawa mgongoni, hazina kazi. Ongeza kwamba zege lilikuwa la siku moja. Zege la kawaida likimwagiliwa vizuri, siku ya saba limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake, na mahesabu yote hufanywa kwa nguvu ya siku ya 28. Hilo lenu lilikuwa bado uji ulioganda.

Kwa hiyo wazo la akiba naliunga mkono kwa mikono yote miwili, Shangazi anisamehe. Msiba wetu ni siku mbili, tatu zikizidi. Hakuna saruji inayojali ratiba ya mazishi.

Sasa hiyo slabu moja. Urefu mita 2.4, upana 1.1, unene sentimita 10: hiyo ni zaidi ya robo ya mita ya ujazo, kilo 630 hivi. Kamba zikikatika inashuka juu ya jeneza. Gawanya. Mimi natumia vipande sita: urefu mita 1, upana sentimita 40, unene 8. Kipande kimoja kina kilo 77 hivi, wanaume wanne wanabeba bila kutukanana. Kinalala kukatisha upana wa kaburi, siyo kwa urefu wake.

Kaburi lenyewe ndani liwe mita 2.2 kwa 0.8. Pima jeneza pamoja na vishikio vyake, watu husahau vishikio halafu jeneza linagoma kushuka mbele ya kadamnasi. Kuta ni tofali za inchi sita, kozi (mistari) tatu, jumla kama 42, chukua 45 maana zitavunjika mbili tatu. Kozi tatu zinakupa kama sentimita 70, jeneza linakaa na nafasi juu. Slabu inakanyaga ukuta sentimita 10 kila upande. Usikubali ikanyage tatu au nne, ukingo wa tofali unamong'onyoka.

Nondo: kila slabu tatu za milimita 10 kwa urefu, na nne fupi za milimita 8 za kukatisha, zifungwe kwa waya. Kwa slabu sita unatumia nondo moja na nusu za milimita 10 na moja ya milimita 8, inabaki. Zege moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), saruji inakwenda mfuko mmoja na robo, nunua miwili, unaobaki ni wa kujengea. Tumia saruji ya nguvu ya 42.5, imeandikwa kwenye mfuko, na nyie kiwanda kiko mlangoni kwenu.

Halafu siri yangu. Wakati zege ni bichi, chomeka vishikio viwili vya nondo iliyokunjwa, vimeng'ang'ania zile nondo za chini, vitokeze MGONGONI. Vina kazi mbili. Unapitisha mti au kamba unashusha. Na slabu yenye vishikio hata mlevi hawezi kuilaza kichwa chini, haitulii.

Mzee wa Tongoni

Poleni wafiwa. Sisi Waislamu mambo haya hayatuhusu, maiti yetu tunamlaza ndani ya sanda kwenye mwanandani, kile kijishimo cha ndani ya kaburi, mbao zinaegeshwa, udongo, basi. Jeneza kwetu ni la kubebea, linarudi msikitini. Na kaburi kulijengea na kulipaka chokaa kumekatazwa katika hadithi za Mtume.

Lakini nisiwe mnafiki. Jirani na kwangu yapo magofu ya Tongoni, makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine na minara yake, na waliolala humo ni Waislamu wa karne nyingi nyuma. Minara mingi imeanguka, ila kuta zake mtu anazishika leo hii. Hakuna chuma hata kipande humo ndani. Ninyi mnaotia nondo huku pwani, chuma na chumvi ni paka na panya. Mchanga mtatoa wapi? Nawajua vijana, wataukimbilia ule wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure.

Nondo Kumi

Mzee shikamoo, umegusa penyewe. Katibu, mchanga wa baharini USITUMIE. Chumvi inaila nondo, kutu inavimba, zege linabanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Mchanga wa mto, na maji ya bomba au kisima kisicho na chumvi. Hata ya kumwagilia.

Baridi Kali

Niko Marekani, Ohio, kwetu ni Chumbageni. Nimefanya kazi makaburini huku miaka miwili, kufyeka majani na kusaidia kushusha. Naomba niseme kuhusu ile sakafu ya zege na plasta.

Huku karibu kila jeneza linaingia ndani ya kasha la zege lililotengenezwa kiwandani, ndani upana sentimita 76 na urefu 218 hivi, Nondo Kumi kumbe umekaribia sana vipimo vyao. Lina uzito wa kama tani moja, linashushwa kwa mashine. Sheria ya jimbo hailazimishi popote, wanaolazimisha ni wenye makaburi, na sababu yao ni hiyo hiyo ya Katibu: ardhi isititie, maana mashine za kukata majani na za kuchimbia zinapita juu.

Yapo ya aina mbili. La kwanza ni la bei nafuu, halijazibwa, chini lina matundu au halina sakafu, maji yanaingia na kutoka. La pili limezibwa kabisa, mfuniko unakaa kwenye mfereji wenye lami au gundi. Hili ndilo linalouzwa kwa maneno matamu. Ila tangu 1984 kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu inamkataza muuzaji kudai kwamba kasha litamhifadhi marehemu asioze wakati si kweli. Mwili unaoza tu, ukizibiwa hewa unaoza kwa namna nyingine, nisiingie huko, watu wanakula.

Kubwa zaidi ni maji. Kasha lililozibwa ni boti. Katibu, kaburi lako ukiliziba kwa sakafu na plasta, kwa nje likiwa mita 2.5 kwa 1.1 kwa 0.9, maji ya ardhini yakipanda hadi juu yake yanalisukuma kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Kinacholizuia ni uzito wake na udongo uliolowa. Kimbunga Katrina 2005, kule Louisiana, makasha ya zege yalitoka ardhini na majeneza yake, watu wakawa wanatafuta wazee wao mashambani.

Kijana wa Makorora

Huko mbali. Mimi nimezika baba mdogo karibu na mikoko, masika. Tumechimba, maji yakaja yenyewe. Tumeshusha jeneza, likaelea kama ngalawa, linageuka geuka taratibu. Wanaume wawili ikabidi washuke wasimame juu yake, wamevaa suruali za suti, huku wengine wanatupa mchanga pembeni. Sikulala wiki nzima.

Nondo Kumi

Ndiyo maana chini naacha udongo, namwaga kokoto inchi tatu basi. Na kozi ya kwanza naacha viungo viwili vya wima kati ya tofali bila udongo wa saruji, maji yapumue. Nafasi kati ya slabu na slabu ndizo unaziba, kwa saruji nzito ya kushikana mkononi, ili mchanga usichuruzike ndani. Plasta ya ndani hela ya bure, hakuna atakayeiona.

Shangazi Muheza

Na hapo makaburini ni pa nani? Kama ni pa halmashauri au kanisa, waulizeni kwanza kama wanaruhusu kujengea.

Katibu wa Pongwe

Shangazi, ni eneo la kanisa, wanaruhusu ilimradi lisitokeze juu zaidi ya futi mbili. Asanteni wote, sikutegemea.

Nimekaa na mwenyekiti jana. Ile slabu moja tumeifuta, na sakafu tumeifuta. Tunaanza na seti mbili, slabu 12, vishikio mgongoni. Kila moja inaandikwa tarehe ya kumwagwa kwa msumari ikiwa mbichi, isitoke kabla ya siku 28. Kutunza, mjumbe mmoja ana banda la mbao, zitalala humo zimefunikwa turubai.

Swali moja tu limebaki. Nitajuaje kwamba ni imara kabla ya siku yenyewe?

Nondo Kumi

Mwaga ya 13, hiyo ni ya kuua. Ikifika siku 28 ilaze juu ya tofali mbili, ikanyage sentimita 10 kila upande kama kaburini. Juu ya slabu moja, udongo wa mita moja kwenda juu ni kilo 600 hadi 800 ukilowa. Panga mifuko 12 ya saruji, hizo kilo 600, halafu wasimame juu vijana watatu. Chungulia tumboni na tochi. Ufa mwembamba kama unywele usikutishe, nondo ndiyo zinaanza kazi. Ufa wa kuingiza kucha, nipigie. Kisha igeuze, rudia. Ila hapo vijana wakae mbali.

Katibu wa Pongwe

Tunamwaga Jumamosi. Ratiba ya kumwagilia nimeshaibandika, asubuhi na jioni siku saba, bado nafasi ya Jumatano haina mtu.

Shangazi Muheza

Jumatano niandike mimi, nakuja sokoni Tanga siku hiyo, napita na ndoo. Ila hizo tarehe zenu zifunikeni, nisije nikaanza kuhesabu.