Kusomesha watoto nyumbani Kanada: barua ya Ontario inatosha, au Quebec wana haki ya kukagua?

Wakuu, nauleta huu mjadala kwa sababu naona wazazi wengi wetu huku wanalifikiria jambo hili, na sheria hubadilika ukivuka daraja tu.

Katika jimbo la Ontario, kabla ya tarehe 1 Septemba kila mwaka, mzazi anayetaka kumsomesha mwanawe nyumbani huiandikia bodi ya shule ya eneo lake: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu, na kauli kwamba atafundishwa nyumbani. Anatia sahihi, basi. Waraka wa wizara namba 131 wa mwaka 2002 unaielekeza bodi iipokee barua hiyo kuwa ushahidi kwamba mtoto anapata mafundisho ya kuridhisha, kama Sheria ya Elimu inavyotaka. Mzazi hadaiwi cheti cha ualimu, mtoto halazimishwi mtihani. Bodi huchimba zaidi pale tu inapokuwa na sababu ya msingi ya kutia shaka.

Vuka Mto Ottawa uingie Gatineau, upande wa jimbo la Quebec. Taarifa iwe imefika kwa waziri wa elimu na kwenye kituo cha huduma za shule, yaani ofisi inayoendesha shule za umma za eneo lako, ifikapo 1 Julai. Ifikapo 30 Septemba uwe umetuma mpango wa masomo. Katikati ya mwaka ripoti ya maendeleo, na kikao na mtu wa wizara. Ifikapo 15 Juni ripoti ya kufunga mwaka. Mtoto anapimwa kila mwaka, na mitihani ya wizara ni lazima. Ukipuuza, mtoto anaweza kurudishwa darasani.

Mimi naunga mkono utaratibu wa Quebec. Nimeishi kingo zote mbili za mto ule, na nilipokuwa Ottawa tulikuwa na jirani, watu wetu kabisa, ambao binti yao mkubwa alikuwa "anasomea nyumbani". Barua ilikuwepo, kila kitu kihalali. Asubuhi nikienda kazini namwona dirishani amempakata mdogo wake, jioni nikirudi bado amempakata. Alikuwa na miaka 12. Wazazi hawakuwa wabaya, walikuwa na zamu mbili mbili na hela ya kulipia mlezi wa watoto haitoshi. Lakini nani angejua? Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na wajibu wa kumuuliza yule binti wiki hii umesoma nini. Hilo linanikereketa mpaka leo.

Na msiseme ni mambo ya wahamiaji. Yohanan Lowen alikulia Boisbriand, karibu na Montréal, katika jumuiya ya Kiyahudi ya Kihasidi, watu wanaoshika dini kwa ukali na kuishi kwa kujitenga. Alipotoka ukubwani aliishtaki serikali ya Quebec kwa kumwacha akue bila elimu ya msingi ambayo sheria ilimwahidi. Desemba 2020 mahakama ilikataa kutoa tamko aliloomba, kwa kuwa sheria ilikuwa imeshakazwa baada ya yeye kukua. Kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Haya, leteni hoja.

Mama wa watatu, Sherbrooke, Quebec:

Ndugu yangu, pole kwa ulichokiona, lakini mfano wa Lowen haukai hapo. Yule hakusomeshwa jikoni na mama yake. Alisoma katika shule za dini, na serikali ilishindwa kuzisimamia. Ilishindwa na shule, sasa inakuja kukagua meza yangu?

Mwanangu wa kati alikuwa akirudi shuleni analia kila siku. Nikamtoa. Asubuhi tunaanza na hesabu, kisha Kifaransa, na jioni anasoma Kiswahili kwa simu na bibi yake aliye Bukavu. Mpango wa masomo unataka lugha ya kufundishia, lugha ya pili, hesabu, sayansi na masomo ya jamii. Hicho Kiswahili nimehangaika nacho, sina pa kukiweka. Ripoti naziandika usiku, kwa Kifaransa nilichojifunza ukubwani. Na mtihani unampima kwa kasi ya darasa lao: hesabu anakimbia, kusoma bado anapanda polepole. Siku ya mtihani ataonekana ameshindwa, wakati mimi naona amepona.

Mleta mada:

Dada, kuhusu Lowen umenisahihisha kwa haki. Ila sheria ya Quebec ya Novemba 2017 ilishughulikia pande zote mbili kwa pamoja, shule zisizo na kibali na watoto wanaosomea nyumbani. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowafungulia shule za bure watoto ambao wazazi wao hawana karatasi za uhamiaji. Usiione kama rungu tu.

Swali la iwapo serikali ina haki ya kuuliza, Mahakama ya Juu ya Kanada ililimaliza mwaka 1986. Mchungaji Thomas Jones wa Calgary, jimbo la Alberta, alikuwa akisomesha watoto, wakiwemo wake, katika chumba cha chini cha kanisa. Alikataa kuomba ruhusa akisema mamlaka yake juu ya watoto yanatoka kwa Mungu. Alishindwa kesi.

Kwenye mtihani nakuunga mkono. Mtu wa wizara akae na mtoto wako, afungue madaftari yake ya mwaka mzima, amsikilize akisoma. Angeona ulichokiona wewe. Yule binti wa Ottawa naye angeonekana, siku hiyohiyo ya kwanza. Mimi nataka kikao kibaki hata kama mtihani utaondolewa.

Halafu kituo cha huduma za shule kinatakiwa kukuazima vitabu bure na kukufungulia maktaba na maabara. Umeshaviomba?

Walioko Alberta, tusaidieni. Tangu Septemba 2020 huko mzazi anachagua: kusimamiwa na mwalimu anayempima mtoto mara mbili kwa mwaka na kupata fedha za serikali, au kutoa taarifa tu, bila fedha na bila msimamizi. Watu wetu wa Calgary na Edmonton wanachukua njia ipi, na kwa nini?